Vidato Kumi na Tisa

Sikusimulii la kusikia. Nakusimulia lililonifika mimi mwenyewe, mchana, kati ya adhuhuri na alasiri, nikiwa na akili zangu timamu. Najua utasema huenda macho yalinidanganya. Mimi sina macho. Surua ilinipofusha nikiwa mtoto, na miaka yangu yote ya kazi nimekuwa opareta wa simu katika ofisi moja kule Kilindini, nikiwajua watu kwa sauti. Basi nisikilize, kisha uamue mwenyewe.

Hapa Mji wa Kale kuna jumba ambalo watu huliita Wada. Wenyewe Wamaratha, kule Bara Hindi, nyumba zao kubwa zenye ua katikati huziita hivyo. Aliyelijenga alitoka pwani ya Konkan, katika nchi yao. Alipotajirika hapa Mombasa, akatia nia naye akae katika jumba kama yale ya wakuu aliyokuwa akiyatazama kwa nje utotoni. Likajengwa, likakaliwa, kisha mwaka mmoja wa masika makali likaporomoka. Magofu yakabaki hapo miaka na miaka, paka wakizaana ndani.

Kitukuu wake, Bi Zubeda, ndiye aliyelisimamisha upya. Aliwaleta mafundi, akaagiza nguzo za msaji, akalifanya makumbusho. Chumba kimoja akakiweka kuwa cha ukumbusho. Ukutani pamechongwa majina ya jamaa zake waliokufia humo na ya mafundi wa kwanza waliolijenga, mabwana na vibarua pamoja.

Mke wangu, Mama Salma, ndiye aliyesikia habari hizo. Tunakaa Buxton, si mbali. Akaniambia, "Baba Salma, huko wanaruhusu kugusa. Twende." Mtu asiyeona akipelekwa makumbusho kwa kawaida husomewa vibandiko tu, na kila akinyoosha mkono huambiwa usiguse. Nilifurahi kama mtoto wa Idi.

Bi Zubeda alitupokea mwenyewe. Salamu zake zilikuwa ndefu, za kuulizana hali na wana na wakwe, hata nikasahau kwamba nimekuja kutazama kitu. Kisha akaniambia, "Mzee wangu, shika chochote. Nyumba hii ilitengenezwa kwa mikono, haitakasirika ikiguswa kwa mikono."

Nikagusa. Wallahi, nilistaajabu. Nguzo zilikuwa nene, hazikumbatiki, na chini yake kila moja ilikalia ua la jiwe lenye majani yaliyofunguka. Niliyahesabu majani kwa vidole. Mlango ulikuwa na misumari ya shaba baridi kama barafu. Nikipiga fimbo sakafuni, sauti ilikwenda mpaka ukuta wa mbali ikarudi, nami nikajua ukubwa wa ua ule kabla ya kuambiwa.

Tukaingia chumba cha ukumbusho. Mama Salma akawa ananisomea majina huku nikiyafuata kwa kidole. Katikati ya hapo simu yake ikalia. Alikuwa ni Salma, binti yetu. Mama Salma akaniambia, "Nisubiri hapa hapa, humu simu haishiki vizuri," akatoka uani.

Hakujapita muda, mtu akanishika mkono wa kushoto.

Ulikuwa mkono wa mwanamke mzee, mwembamba, wenye bangili zilizogongana. Nikajua ni mmoja wa wahudumu. Ningejua vipi vingine? Nimezoea kushikwa mkono na watu nisiowajua. Barabarani, benki, hospitalini, mtu hunishika akanivusha, nami nikasema ahsante.

"Huna mato," akasema, "lakini mikono yako yaona. Ndoo nikuonyeshe juu."

Kiswahili chake, cha mato kwa macho na ndoo kwa njoo, kilikuwa kile cha bibi zetu, ambacho siku hizi hukisikii ila kwa wazee wachache wa Kibokoni. Nikamwambia mke wangu kaniambia nisubiri. Akasema, "Si mbali. Ni ngazi tu."

Tukapanda. Mimi huhesabu vidato vya kila ngazi, ndiyo desturi yangu, na vile vilikuwa kumi na tisa. Vilikuwa vya mbao, vimelika katikati kwa kukanyagwa. Niliona ajabu kidogo kwamba ngazi mpya iwe imelika, nikadhani wameokoa mbao za zamani.

Juu kulikuwa na hewa. Upepo wa bahari uliingia kutoka madirisha matatu, na yule bibi akaniweka mikono juu ya fremu zake moja baada ya moja. Zilichongwa kasuku, wawili wawili wakitazamana, na wa dirisha la mwisho mmoja alikuwa amevunjika mdomo. Nilisikia harufu ya msandali na ya mbao kavu. Sijui nikuelezeje. Nimeingia misikiti mikubwa, nimeingia meli za ghorofa kule bandarini, lakini sijawahi kuingia mahali pakanifanya nishushe sauti bila kuambiwa. Nilivua kofia. Sikujua ninamvulia nani.

Kisha akanipeleka kwenye pembea. Nadhani umewahi kuziona, zile pembea za ndani za Wahindi, ubao mpana uliotundikwa darini kwa minyororo ya shaba. "Keti," akasema. Nikaketi. Naye akaketi ubavuni mwangu, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Sijaketi siku nyingi," akasema.

Pembea ikawa inakwenda taratibu, mbele na nyuma. Nakuambia kweli, sikuwa na hofu hata chembe. Ningeweza kukaa pale mpaka magharibi.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mke wangu.

"Baba Salma," akasema, polepole sana. "Usisogee. Kaa vivyo hivyo."

Mama Salma si mtu wa kusema hivyo. Miaka yote ya ndoa yetu ni twende, haraka, mbona wachelewa. Lakini si maneno yaliyonishtua. Ni sauti yenyewe. Mtu akikuita kutoka chini ya sakafu, sauti yake huja imefunikwa, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Hii ilikuja wazi, imenyooka, kutoka chini ya nyayo zangu. Kati ya miguu yangu na mke wangu hapakuwa na kitu.

Yule bibi akaniuliza, "N'nani huyo?"

"Ni mke wangu."

"Mwambie apande, tuketi sote."

Nikafungua kinywa nimwite. Mungu ndiye anayejua kilichonizuia. Badala yake nikauliza, "Bibi, sakafu iko wapi?"

Minyororo ikasimama. Kisha akasema kwa upole, "Ilianguka, mwanangu. Nilianguka nayo."

Nikataka kuinuka, na mkono wake ukanikaza kifundo cha mkono, baridi, wenye nguvu kuliko mkono wa mzee yeyote. "Wasikia alivyokwambia mkeo," akasema. "Kaa. Watakuja."

Nikakaa. Chini nilisikia askari wa mlangoni akisoma Ayatul Kursi, nikasikia Bi Zubeda akilia, nikasikia mbao zikiburutwa. Kisha sauti ya mwanamume ikatokea karibu na goti langu, ikihema.

"Mzee, mimi ni fundi. Naitwa Kazungu. Niko juu ya ngazi ya kuegemeza, nakushika kiunoni. Nipe mkono."

Ule mkono wa kwanza ukaniachia pale tu wa Kazungu uliponishika. Si kabla.

Akanifikisha chini. Mama Salma alinikumbatia mbele za watu, jambo asilolifanya. Kazungu akauliza, "Mzee, ulipanda vipi?"

"Kwa ngazi ya mbao."

"Hapa hapana ngazi, mzee," akasema. "Hapana hata ghorofa. Tumejenga chini tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Bi Zubeda hakujua sawasawa juu palivyokuwa, hivyo aliwaamuru mafundi wasimamishe nguzo na boriti zake, halafu waache wazi. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya boriti moja, zaidi ya urefu wa watu wawili kutoka kwenye sakafu ya mawe, miguu inaning'inia. Na mke wangu aliponiona nilikuwa nakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, nikitabasamu. Kazungu naye aliniambia baadaye, kando, kwamba alipofika nilikuwa nimenyoosha mkono wa kushoto hewani, kama mtu aliyeshikwa.

Nikawaeleza vyote. Nilipofika kwenye yule kasuku aliyevunjika mdomo, Bi Zubeda akaondoka bila kuaga. Alirudi na picha iliyokuwa imehifadhiwa katika sanduku la mama yake, akamkabidhi mke wangu aniambie anachokiona. Mama Salma akasema, "Ni mwanamke mzee amesimama dirishani. Ana bangili. Nyuma yake kuna pembea." Kisha akaongeza, "Na kasuku ni wa kuchongwa. Mmoja hana mdomo."

Alikuwa mke wa yule aliyelijenga jumba. Ghorofa ilipoanguka alikuwa juu, peke yake.

Sasa ghorofa imejengwa. Picha ilionyesha dirisha moja tu, yaliyobaki nimewatajia mimi, nikisimama uani nikielekeza kwa fimbo huku Kazungu akipima. Niliwaambia vidato kumi na tisa. Wao kwa hesabu zao wakaweka kumi na nane, na kidato cha mwisho kikawa kirefu, kila apandaye akijikwaa. Wakavunja, wakaanza upya. Pembea imetundikwa pale pale nilipoonyesha. Wageni hawaruhusiwi kuikalia, na Bi Zubeda huipangusa mwenyewe.

Mimi sijapanda. Nimealikwa, mke wangu amekataa, nami sijabishana naye. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto ni baridi mpaka leo, hata katika joto la Januari. Nimekwenda kwa daktari, kasema damu inapita vizuri. Na sitakuficha, kuna alasiri ninazoutamani ule utulivu wa juu, nikajikuta nimeketi kitandani najipembeza. Mama Salma husikia kitanda kikilia, huja akaniwekea mkono begani.

Nenda ukalitazame jumba lile, sikukatazi. Ni zuri, na waliokufa humo wanastahili kutembelewa. Lakini toa salamu mlangoni hata ukiona hamna mtu. Na ukishikwa mkono ndani, usifuate kwa adabu kama nilivyofuata mimi. Simama, uliza jina. Aliye hai atakutajia lake, kama alivyonitajia Kazungu. Ukisikia bangili tu, na kimya, kaa chini pale ulipo, ushike sakafu kwa mikono miwili, na umwite umpendaye kwa sauti kubwa.