Siku Darasa la Lusangi Lilipopimwa Upya

Mama Jeannette wa Lusangi alisoma akaishia darasa la sita, na hilo la sita alilikamua mpaka tone la mwisho. Miaka minne alifundisha akina mama kusoma, Wakristo na Waislamu pamoja, akiandika kwa makaa juu ya mlango mkuukuu. Kila asubuhi alimwomba Mungu jambo moja: darasa lisife.

Ndipo Papa Placide, mkaguzi wa shirika lililowapa vitabu, akafika kwa pikipiki kutoka Kasongo. Alikuja wakati wa mavuno ya mpunga. Katika wanafunzi thelathini na mmoja alikuta sita. Akawapa mtihani, woga ukawashika, hakuna aliyeandika hata mstari.

"Mama, hapa hamuna kitu. Nitaandikia shirika wafunge kituo."

"Papa, hawa hawasomei kwenye kiti. Kesho twende kule magunia yanapopakiwa, uwapime kule."

Akakubali shingo upande.

Kesho yake, kando ya barabara, magunia ya mpunga yalingoja baiskeli za kwenda sokoni Kasongo. Zamani kila mama alifunga gunia lake kwa kipande cha kitenge, na vitenge vikifanana, ilikuwa vita. Sasa kila gunia liliandikwa jina la mwenyewe: Faida. Falonne. Mama Kassimu.

"Kila mutu anajua sura ya jina lake," Placide akanung'unika. Akaweka fomu juu ya gunia, akaandika mbele yao bila kuficha, kama mtu anayeandika mbele ya mbuzi.

Bibi Rehema, aliyeogopa kuliko wote jana, akainama. Kidole kikatembea polepole.

"Ki-tu-o cha Lu-sa-ngi... ki-fu-ngwe." Akainua kichwa. "Kifungwe juu ya nini, mutoto wangu?"

Faida naye akachungulia. "Na hapa ameandika 'hawajui kusoma'. Nani huyo hajui?"

"Papa, ficha karatasi, tunakusoma!" mwingine akapaza sauti, na kicheko kikaenda mpaka kwa wenye baiskeli.

Jasho likamtoka Placide. Kisha naye akacheka. Akatoa fomu mpya, akapita gunia kwa gunia, kila mama akasoma mistari miwili. Waliosoma walifika ishirini na wanane. Watatu walikuwa bado shambani.

Mama Jeannette akamshukuru Mungu.

"Bibi, uamuzi andika wewe," Placide akasema, akampa Rehema kalamu.

Rehema akapiga magoti mbele ya gunia. Herufi zilipanda nje ya mstari, lakini zilisomeka: *Kituo kiendelee.* Vigelegele vikalipuka, na Placide akatia sahihi chini yake.