Jiwe la Kijani Nyuma ya Kiti cha Bibi

Mnisamehe kwa mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, ila jambo hili nalijua vizuri kwa sababu ni la nyumbani kwetu, Bariadi.

Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, baba akawa wakala wao. Akajenga nyumba ya tofali za kuchoma. Huku kwetu udongo ni mweusi wa mbuga: kiangazi unapasuka, mvua zikija unavimba. Kwa hiyo fundi wetu alisema nyumba ipitishe kwanza mvua za mwaka mmoja, tuone ukuta utapasukia wapi, ndipo tuupambe. Baba akacheka. Alikwisha kuagiza jiwe kutoka Arusha.

Lilikuwa bamba moja refu kuliko mlango, la kijani, lenye madoa mekundu ya rubi, limesuguliwa mpaka unajiona uso. Wanaume sita walilibeba. Mafundi waliokuja nalo wakalisimamisha kwenye ukuta wa sebule kwa saruji na vyuma vinne. Chini yake baba akaweka kiti cha mama yake, bibi yangu, ambaye haoni. Bibi alipenda kuegemeza kichwa pale.

"Lina baridi kama mtungi," alisema.

Kazi ya kulifuta ilikuwa yangu. Mvua zilipoanza niliona huko juu, kati ya jiwe na ukuta, nafasi ya kupitisha ukucha. Wiki iliyofuata iliingia njiti ya kiberiti. Nilimwambia mama tu, kwa sauti ndogo.

"Mwambie baba yako," akasema.

Sikuweza. Mbele ya baba maneno hunikauka. Nikawa namwita bibi jikoni tumenye karanga, lakini alirudi mwenyewe kwa kupapasa, nami nikabaki mlangoni nikisikiliza ukuta.

Siku moja wageni wa baba walileta mbegu za pamba, wakakaa sebuleni. Bibi akaja akipapasa. Mimi, ambaye husalimia wageni nikiwa nyuma ya pazia, nikakimbia nikakaa kwenye kiti chake.

"Inuka umpishe bibi yako!" baba akasema. "Au leo wewe ndiye mgeni rasmi?"

"Mwache, mayu," mgeni mmoja akamtania bibi, akimwita mama kwa Kisukuma. "Huyu ndiye bosi mpya wa pamba."

Wakacheka. Baba akaja kunivuta mkono. Nikachomoa kalamu mfukoni mwa shati lake, nikapanda juu ya kiti, nikaisukuma kwenye ule ufa. Ikapita yote. Tukaisikia ikigonga, ikigonga, mpaka chini.

Baba alimshika mama yake mkono, akamtoa nje kwa hatua ndogo, na wageni nyuma yao. Akafunga sebule kwa ufunguo.

Jiwe bado limesimama. Mafundi wa Arusha hawaji, na fundi wetu amekataa kuingia. Mvua ikinyesha tunanyamaza wote. Bibi ndiye husikia kwanza.

"Limesogea," anasema.

Juzi mlango wa sebule ulianza kubana, na mvua kubwa bado hazijaja.

Kama yupo kati yenu aliyewahi kushusha bamba kama hili bila mtu kusimama chini yake, naomba aniandikie, hata mistari miwili. Barua hiyo nitamsomea baba mimi mwenyewe.