Kopo Lisilotiwa Majivu

Mkuu wetu wa shule alikuwa na maelezo mafupi: vifaa vya fizikia ni vichache, wavulana ni wengi, basi wasichana waende sayansi kimu wakajifunze kushona na kupika. Alitangaza hivyo kwenye gwaride tulipoingia kidato cha tatu, kati ya habari ya ua lililobomoka na habari ya sare. Wenzangu walikusanya vitabu vyao wakahama. Mimi nilibaki pale pale kwenye benchi.

Si kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira, na hasira ukiikalia vizuri hufanana sana na ujasiri. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeunganisha nyaya mbili na betri za redio kuukuu, balbu ikawaka mkononi mwangu, na tangu siku hiyo sikutaka mtu aniambie kwamba jambo lile ni la wengine.

Mkuu aliniita ofisini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Wewe msichana, unataka nini hapo kwa fizikia?"

"Nataka kuifanya, sir."

"Haya. Kongamano la sayansi ni muhula wa pili, huko Embu. Ukirudi na namba moja, mbili ama tatu, utakaa. Usiporudi nayo, nisikuone hapo tena."

Hakusema mradi wa kushindana nao uwe wa fizikia. Hilo nililishika.

Shule yetu ilikuwa huku chini, mahali ambapo barabara ya kutoka Embu mjini huacha kahawa na kuingia kwenye miti ya mugaa na mawe. Maabara tulikuwa nayo, kwa jina. Ilikuwa na mabomba ya gesi ambayo hayakuwahi kuonja gesi, na sinki ambazo maji yake tuliyabeba wenyewe kwa mitungi. Ukitaka kuchemsha kitu uliwasha stovu ya mafuta ya taa na kufungua madirisha yote. Darubini moja tuliyokuwa nayo ilikaa ofisini kwa mkuu ndani ya sanduku lake, na wageni walionyeshwa sanduku.

Kwa hivyo nilitafuta mradi usiohitaji kuazima chochote kwa mkuu. Kwetu kila mwanamke huhifadhi kunde, tunazoziita thoroko, kwa kuzisugua na majivu ili fukusi wasizitoboe. Na kila mwanamke huapa kwamba majivu yake ndiyo majivu. Huyu ni wa mugaa, yule ni wa mti wa mukau, jirani ni wa samadi ya ng'ombe. Nyanya yangu, cucu aliyenilea, alikuwa wa mugaa, na ungemwambia vingine angekutazama kama mtu aliyetukana kanisa. Nilitaka kujua nani anasema kweli.

Mwalimu wetu wa sayansi, kijana aliyetoka upande wa Mikinduri na ambaye alilalamikia joto la kwetu kila asubuhi kama vile sisi ndio tuliolileta, aliupenda mradi mara moja. "Lakini lazima kuwe na kopo moja bila majivu," aliniambia. "Hiyo ndiyo kontrol. Isipokuwepo, utajuaje ni majivu yamefanya kazi? Labda huo mwaka fukusi walikuwa wavivu tu."

Nikatafuta makopo ya mafuta ya kupikia yaliyo sawa. Nikayajaza kunde za mavuno ya Februari kutoka shamba la cucu: la mugaa, la mukau, la samadi, la magunzi ya mahindi, na moja bila majivu yoyote. Katika kila kopo nikatia fukusi hai, nikafunga mdomo kwa kitambaa. Cucu alinisimamia muda wote na uso umekunjamana.

"Hilo moja umelisahau," alisema.

"Sijalisahau, cucu. Hilo ni la kuliwa."

"La kuliwa na nani?"

"Na wadudu."

Huku kwetu mvua ikikosa mara mbili watu huanza kugawana kunde kwa viganja. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba kuna chakula kimetengwa kwa ajili ya wadudu ni kumwambia umerukwa na akili, na alinihurumia waziwazi.

Niliyapeleka shule, na muhula wote uliobaki makopo yalikaa maabara, mambo yakienda vizuri. Kunde za lile kopo la bure, lisilo na majivu, zilianza kutoboka, za mengine zikatulia. Likizo ya Aprili maabara ilifungwa, nikayabeba nyumbani nikayapanga chini ya kitanda changu. Kisha nilitumwa kwa shangazi kusaidia kupalilia.

Niliporudi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilivuta makopo nikafungua kitambaa cha lile la bure. Kunde zilikuwa safi, zimepetwa, zimeanikwa, zimesuguliwa majivu ya mugaa hadi zikawa kijivu. Fukusi hata mmoja hakuwepo.

Nilikwenda jikoni na kopo mkononi. Nikamnyooshea cucu.

"Niliona zinaliwa," cucu alisema kwa upole, akiendelea kuchochea moto. "Ulisahau hilo moja."

"Cucu, nilikwambia ni la kuliwa!"

"Uliniambia. Lakini mimi nina majivu jikoni, mtoto wangu. Ningelalaje?"

Nililia kwa hasira nyuma ya zizi, pale ambapo hakuna mtu wa kuniuliza. Yale maji yalikuwa yamemwagika na hayazoleki. Kuanza upya hakukuwezekana, kwa sababu fukusi huhitaji majuma mengi, na kongamano lilikuwa karibu. Nilijiona tayari nimeshika sindano, natia vifungo kwenye aproni. Nikafuta uso. Nikajiambia kwamba katika kijiji kizima hakukosekani nyumba moja yenye kunde za Februari ambazo hazijatiwa majivu.

Kumbe nilikuwa najidanganya. Nilipita mlango hadi mlango, na kila mlango nilikaribishwa vizuri mpaka niseme haja yangu.

"Unatafuta kunde zilizoliwa?" mama mmoja aliniuliza, akiweka chini ungo. "Na ukaja kwangu?"

"Tata," nilimwita kwa heshima, kama shangazi, "ni kwa ajili ya shule."

"Nani amekwambia kwangu vitu vinaliwa? Mtaje!"

Huko kwetu unaweza kusema nyumba ya mwanamke inavuja, akacheka nawe. Usiseme ghala lake lina wadudu. Siku ya pili habari zilinitangulia, na wengine walikuwa wamesimama mlangoni tayari kwa vita kabla sijafika. Nilirudi shule mikono mitupu na jina baya.

Jumatatu ya kwanza mchana tulipewa githeri, mahindi na kunde zilizochemshwa pamoja. Tulikuwa na desturi yetu: unamwaga maji ya kunywa kidogo kwenye sahani, fukusi wanaelea, unawapuliza pembeni, unakula. Wavulana waliwaita nyama ya bure. Nilipuliza wa kwanza, nikapuliza wa pili, halafu nikabaki nimeshika kijiko hewani.

Wazazi wengi wa kwetu walileta nafaka badala ya karo. Na mkuu alikuwa ametoa amri kwamba nafaka iletwe safi, bila majivu, kwa kuwa wapishi walichoka kuosha na wanafunzi walilalamika kutafuna mchanga. Februari ile ile cucu alikuwa ameleta gunia, la shamba lile lile na mavuno yale yale, akinung'unika njia nzima kwamba amelazimishwa kupeleka chakula uchi. Sikumaliza kula.

Mpishi alinifungulia stoo baada ya kumbembeleza. Gunia la cucu nililijua kwa kiraka chake cha kitambaa cha kitenge. Nilipoingiza mkono, vumbi la fukusi lilinipanda hadi kwenye kiwiko. Sijawahi kufurahia uharibifu namna ile. Nilichota juu, katikati na chini, kama mwalimu alivyotufundisha, nisije nikachagua zilizotoboka peke yake, nikajaza kopo.

Mwalimu alilitazama, akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hizi zilikaa stoo, zile zingine zilikaa maabara na chini ya kitanda. Si sawasawa kabisa. Wewe mwenyewe uwaambie majaji hivyo kabla hawajakuuliza. Ukificha, watakumaliza."

Nikaandika kwenye karatasi ya kopo: bila majivu, stoo ya shule. Nikahesabu mbegu zilizotoboka katika kila kopo, nikachora grafu kwa penseli za rangi za kuazima. Na jibu lilikuja la kuchekesha. Majivu yote yalifanya kazi karibu sawa. Hata magunzi ya mahindi, ambayo hakuna mwanamke aliyeyaheshimu, hayakupitwa na mugaa. Nilipompelekea cucu habari hiyo aliniambia makopo yangu hayana akili.

Siku moja kabla ya safari mkuu alikuja kukagua. Alisoma grafu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye lile kopo, akainama.

"Hii ni nini?"

"Ni kontrol, sir."

"Nauliza maandishi." Alikwaruza karatasi kwa ukucha. "Kule kutakuwa na wakuu wa shule, kutakuwa na watu wa elimu. Unataka waseme mimi nalisha watoto wadudu? Toa hiyo. Andika nyumbani."

Mwalimu alitazama dirishani. Mkuu alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kirafiki, "Na ile mambo yetu ya fizikia ujue sijasahau."

Nilibandua karatasi. Nikaweka nyingine: bila majivu. Sikuongeza neno.

Usiku ule mawazo yalinizunguka, lakini sikuwa na mashaka mengi kama mtu anavyoweza kudhani. Nyumbani kwetu ni nyumbani kwa cucu. Kuandika nyumbani ni kusimama mbele ya Embu nzima na kutangaza kwamba mwanamke yule, ambaye alishindwa kulala kwa sababu ya kopo moja, ameacha ghala likaliwa. Fizikia niliitaka kwa moyo wote. Lakini sikuwa na ruhusa ya kuinunua kwa jina lake.

Ukumbi wa Embu ulijaa meza. Kulikuwa na shule za juu, za wenye kahawa, waliokuja na mashine za kusukuma maji na taa za kuwaka na kuzima zenyewe. Mimi nilikuwa na makopo. Majaji watatu walinifikia mchana, mkuu wetu akiwa amesimama nyuma yao, mikono mgongoni. Nilieleza. Nilipitia kopo moja moja. Jaji mmoja, mama mwenye miwani, alichukua kopo la bure akalitikisa.

"Kontrol yako. Ilikuwa imewekwa wapi?"

Nilimwona mkuu ameinua kidevu kidogo.

"Stoo ya shule yetu, madam. Ile niliyoweka nyumbani iliharibika, kwa sababu cucu yangu aliitia majivu. Kwake hakuna kunde inaliwa. Kwa hivyo nilichukua za gunia lake alilolileta shule, zimevunwa siku moja na hizi. Lakini hazikukaa mahali pamoja, na hiyo ni kasoro ya mradi wangu."

Wanafunzi wa meza ya jirani walianza kucheka, kicheko kikaenda kikiruka meza hadi meza. Jaji hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu. Nilipoinua macho, mkuu hakuwepo tena nyuma yake.

Nilipata namba tatu. Walipoitaja tulipiga kelele mimi na mwalimu peke yetu, maana shule yetu ilikuwa imeleta watu watatu tu na mkuu alikuwa amekwenda kusubiri kwenye gari. Njiani kurudi mkuu alikaa mbele, mimi nilikaa nyuma na makopo yangu mapajani, nikijua kwamba namba tatu ni namba tatu, na kwamba yeye ndiye mwenye shule.

Jumatatu somo la kwanza lilikuwa fizikia. Niliingia mapema nikakaa benchi la mbele. Tulikuwa tumeanza kuunganisha saketi wakati mlango ulipofunguliwa, darasa zima likasimama. Mkuu alininyooshea kidole.

"Wewe. Kuja nje."

Wavulana walinitazama nikipita kama wanaotazama jeneza. Nje, mkuu alisimama akitazama upande wa jikoni, ambako wafanyakazi walikuwa wakitoa magunia na kuyaweka juani. Mpishi alikuwa kando ya debe la majivu, hajui aanzie wapi.

"Si wewe ndio daktari wa majivu?" alisema. "Nenda uwaonyeshe vile inafanywa. Nenda sasa."

Nilitazama magunia. Nilijua vizuri sana jinsi msichana anavyoondoka darasani: hafukuzwi, hutumwa jikoni mara moja tu, kwa sababu nzuri.

"Nitaenda, sir," nilisema. "Baada ya fizikia."

Nikageuka. Niliingia, nikafunga mlango nyuma yangu, nikakaa, nikashika waya wangu pale nilipouachia.