Albamu ya Wenye Maduara

Jumamosi nilikuwa steshenari hapa Kagongwa, nikisahihisha barua ya kuomba kazi kwa mara ya nne, alipoingia rapa mmoja na mama yake. Hakuvua miwani ya jua. Alitaka albamu yake mpya, iliyokuwa kwenye flashi, iwekwe kwenye memori kadi za wateja, na mwenye duka akaijaribu kwenye spika. Kabla ya mstari wa kwanza, rapa alikuwa ameshawataja wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kumi na mmoja. Niliwahesabu.

"Mdogo wangu," mchimbaji mmoja akauliza, "wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?"

Kilipofika kiitikio, ikasikika sauti ya yule mama akiimba Kisukuma. Mchimbaji akasogea karibu na spika. Mama akajifunika mdomo kwa kanga.

"Baba, mimi umenitaja wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Mama, kwani wewe una duara?"

Akaishusha kanga. "Basi toa sauti yangu."

Rapa akacheka peke yake. Mwenye duka akachomoa flashi na kumrudishia.

Namuunga mkono mama. Sauti yake ikitoka, itabaki orodha ya matajiri, na hiyo hata ofisi ya kata inayo, tena bila kelele za midundo.