Watu Wazima Wawili

Watoto wa mji wetu wanakijua kisogo cha Verlene Mabry kuliko wanavyoujua uso wake. Ameendesha basi la shule tangu enzi ambazo kiwanda cha karatasi kilinukisha bonde letu lote, na leo anawabeba watoto wa wale aliowabeba mwanzo. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa mwanzo. Wakati huo kisogo kilikuwa cha nywele nyekundu. Sasa ni cheupe, lakini macho yanayotutazama kupitia kile kioo kirefu cha mbele ni yale yale, na mtoto akidai kwamba si yeye aliyetupa ganda la ndizi, Verlene husema tu, "Haya, tuambie tena," na mtoto hukiri.

Nalitaja hilo kwa sababu ya yaliyotokea mwezi wa Juni kule Florida, ambayo amenisimulia kwa vipande, barazani kwake, akiwa anamenya maharage na kuniangalia kidogo sana.

Katika familia ya Mabry, mtoto akifikisha miaka kumi hupelekwa kulala ndani. Wanasema hivyo hivyo, kulala ndani, na mji mzima unaelewa. Si kulala kwenye moteli za barabara kuu. Ni kulala katika hoteli iliyo ndani kabisa ya ile bustani kubwa ya michezo kule Florida, yenye ziwa, ambako ukifungua pazia asubuhi unaona treni ndogo ikikatiza juu ya maji. Jioni ya siku ya kuzaliwa mtoto hula katika ukumbi wa Dubu Tarumbeta, dubu wa manyoya bandia mwenye kimo cha mlango, anayepita meza kwa meza akipuliza tarumbeta yake ovyo.

Desturi hiyo aliianzisha Hobart, mume wa Verlene, aliyekuwa kwenye mashine za kukaushia karatasi kiwandani. Watu walimshangaa. Hoteli ile huhesabu mtoto wa miaka kumi kuwa mtu mzima, kwa tiketi na kwa chakula, sasa kwa nini asimpeleke mtoto akiwa na tisa? Hobart alicheka. "Mdogo ukimpeleka anarudi na puto tu. Mimi nataka anayekumbuka. Na wakisema ni mtu mzima, vizuri sana, nitamlipia kama mtu mzima."

Walipofika mlangoni mwa ukumbi mara ya kwanza, na binti yao Tressa, mhudumu akauliza wako wangapi. Hobart akajibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine: "Watu wazima watatu!" Ukumbi mzima ukageuka. Tressa sasa ni mama wa watoto wawili, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na bado anasema siku ile alihisi viatu vimeanza kumbana.

Miaka ikapita, Hobart akamwita hivyo hivyo Colter, mtoto wa kwanza wa Tressa, mlangoni pale pale. Kisha mapafu yake yakakataa kazi, na kiwanda nacho kikafungwa. Akabaki Delphie, kitinda mimba, aliyekuwa bado anatambaa walipomzika babu yake. Kila kitu anachojua kuhusu kulala ndani amekipata kwa kaka yake, na Colter si mtu wa kupunguza chumvi.

"Mimi nilikula mbavu mpaka nikatapika," humwambia. "Babu akasema, huyu ndiye mtu mzima. Wewe utakula mkate na siagi ya karanga, utalala saa mbili."

"Nitakula kamba wa baharini."

"Kamba wanakula watu wazima."

"Na mimi nitakuwa mtu mzima, mjinga wewe."

Mara ya kwanza, mshahara wa Hobart wa wiki mbili ulitosha kila kitu, na kilichobaki kikanunua petroli ya kurudi. Safari hii Verlene alianza kuweka akiba tangu majani yalipoanguka. Mwezi wa Machi akapiga simu hotelini. Akatajiwa bei ya chumba, akasema atafikiria. Kesho yake akapiga tena, bei ikawa nyingine.

"Jana mlinitajia pungufu ya hapo," akasema.

"Ndiyo mama, ile ilikuwa ya jana."

"Chumba kimeota kitanda usiku?"

Msichana wa simu akacheka. "Hapana mama. Bei inafuata watu. Watu wakiwa wengi inapanda."

"Na mimi nikikata simu itashuka?"

"Jaribu, mama. Lakini mimi nisingejaribu."

Siku tatu zikawa siku mbili. Dirisha la ziwani likawa dirisha la kuegesha magari, kwa sababu kumbe na maji nayo hutazamwa kwa malipo. Kisha msichana akauliza, "Na mtoto ana umri gani?"

Verlene anasema alisikia saa ya jikoni ikigonga. Siku ile Delphie alikuwa kweli bado na miaka tisa.

"Tisa," akasema.

Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli wenye tarehe ya kuharibika, kama maziwa.

Alimwambia mtoto njiani, Georgia, mahali ambapo barabara imenyooka na misonobari haina mwisho. Wawili tu ndani ya gari. Tressa alinyimwa likizo, na Colter hakuwa na nafasi katika hesabu.

"Kule ukiulizwa, una miaka tisa."

Delphie akaondoa miguu kwenye dashibodi. "Lakini tunaenda kwa sababu ya kumi."

"Najua."

"Sasa nikiwa tisa tunaenda kufanya nini, bibi?"

"Tunaenda kuwa kumi kimyakimya. Ile tofauti ya chakula na tiketi, ndiyo hii petroli ya kuturudisha nyumbani. Umeelewa?"

Mtoto akatazama misonobari. Kisha akauliza, "Na pale mlangoni je? Ile ya babu?"

"Pale tutaona," akasema Verlene, na akaongeza mwendo, jambo ambalo huwa halifanyi.

Wafanyakazi wa hoteli ile wana desturi ya kumwuliza kila anayefika anasherehekea nini. Pale mapokezi kuna sinia la beji, za harusi, za kustaafu, za siku ya kuzaliwa, na ukivaa yako kila anayekutana nawe hukupongeza mpaka uchoke.

"Karibuni sana! Mnasherehekea nini leo?" akauliza kijana wa mapokezi, mkono tayari uko kwenye sinia.

Delphie alikuwa ameshaziona. Verlene akamwona akiitafuta yake kwa macho, akiipata, kisha akiweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo kama mtu aliyeambiwa asiguse.

"Hakuna," Verlene akasema. "Tumekuja tu."

Usiku huo walichemsha soseji ndani ya mashine ya kahawa ya chumbani. Wanaolala ndani siku hizi wengi hufanya hivyo, japo hakuna anayekiri. Ukipita kwenye korido jioni unasikia harufu ya tambi milango yote. Chini dukani chupa ya maji iliuzwa kwa bei ambayo nyumbani hununua kuku mzima. Delphie alicheka mpaka akalala chali soseji ilipopasuka na kuziba tundu. Treni ya ziwani waliisikia tu, upande wa pili wa jengo. Mtoto akasema afadhali, maana ingemwamsha mapema.

Verlene anasema hapo ndipo alipoanza kuogopa. Mtoto anayelalamika unajua umfanyeje.

Kesho yake ndiyo siku yenyewe. Jioni walipanga mstari mlangoni mwa ukumbi. Pembeni palikuwa na fremu yenye bei, na bei ilikuwa juu ya ile aliyoambiwa na msichana wa simu.

"Imepanda Ijumaa," akasema mhudumu aliyewapokea, mwanamke wa makamo, beji yake imeandikwa Nereida. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayetoa taarifa ya msiba wa jirani. "Mko wangapi, mama?"

Delphie akainua uso. Alimtazama tu bibi yake, midomo imefunguka kidogo, na Verlene akajua kwamba siku zote hizi mtoto hakuwa ameacha kungoja. Alifikiri labda bibi ana njia. Watu wakubwa huwa na njia.

"Mtu mzima mmoja," akasema Verlene, "na mtoto mmoja."

"Mrembo, una miaka mingapi?" Nereida akauliza, kwa kuwa lazima aulize.

"Tisa," akasema Delphie.

Alilisema vizuri. Hakupepesa jicho. Mwanamke aliyewakirisha watoto wa mji mzima kupitia kioo alisimama pale akisikiliza jinsi mjukuu wake alivyoweza, na anasema kama angeisikia sauti ile ndani ya basi angeiamini.

Wakapewa meza. Delphie akapewa sahani ya kitoto, ya plastiki, yenye uso wa dubu. Akajipakulia tambi. Kamba walikuwa hapo, mlima mzima juu ya barafu, na hakuna aliyemkataza. Hakuwagusa.

"Chukua kamba, mama."

"Wa watu wazima hao."

"Nani kakwambia?"

"Colter."

Meza ya jirani palikuwa na mvulana wa miaka saba hivi mwenye beji kubwa kifuani. Dubu Tarumbeta akaja, wahudumu wakakusanyika, wakamwimbia, keki ikaletwa ina mshumaa. Mvulana akalia kwa kumwogopa dubu. Delphie akapiga makofi mpaka wimbo ukaisha, taratibu, kwa adabu, kama wageni wanavyopiga makofi harusini kwa watu wasiowajua.

Hapo Verlene akashindwa. Nereida alipopita na jagi la maji, akamshika mkono.

"Dada, huyu leo ametimiza kumi. Mwimbieni na yeye."

Nereida akasimama. Akatazama huku na huku, akainama. "Mama, pale mlangoni mlisema tisa. Ukiniambia kumi, itanibidi nibadilishe, na ya tiketi nayo wataiona. Unanisikia?"

"Nimesikia. Badilisha."

"Nina tisa," akasema Delphie.

"Delphie."

"Nina tisa!" Sauti ikapanda, watu wa meza ya jirani wakageuka. Dubu naye akageuka, kichwa chake kikubwa kimeinama upande, tarumbeta ikining'inia. "Bibi anachanganya. Kumi ni mwakani. Bibi amezeeka, anachanganya miaka."

Verlene akafungua mdomo. Angeweza kusema. Haya, tuambie tena. Lakini chini ya meza aliuona mkono wa mtoto umeushika mkoba wa bibi yake kwa nguvu, ule mkoba wenye petroli ya kuwavusha Georgia, kana kwamba kuna mtu anakuja kuuchukua.

Nereida akawatazama wote wawili. "Basi," akasema. "Mimi namsikiliza mtoto. Mwenye umri wake ni yeye." Akamimina maji, glasi zikajaa mpaka ukingoni, akaenda zake haraka.

Hakuna aliyeimba. Dubu alimpungia Delphie, Delphie akampungia. Wakala tambi zao.

Njiani kurudi walisimama kwenye mgahawa mdogo mpakani mwa Tennessee, ule wa madereva wa malori, wenye viti vyekundu vilivyochanika. Mwenye mgahawa akapaza sauti kutoka nyuma ya kaunta, "Wangapi?"

Verlene alikuwa amelifikiria jambo hili kwa maili nyingi. Alisimama wima mlangoni, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo haikuwa yake, aliyoiazima kwa mtu aliyelala makaburini kwetu: "Watu wazima wawili!"

Madereva wakainua vichwa. Mmoja akavua kofia, kwa utani.

Delphie akamvuta mkono. "Usiseme, bibi."

"Kwa nini? Hapa bei ni moja tu, mama. Hawaulizi umri."

"Ndiyo maana." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Hapa siyo kule. Nikiwa kumi hapa, itakuwa imeisha. Mimi nitakuwa kumi tukirudi kulala ndani. Nimeshasema kule kwamba kumi ni mwakani. Wanajua."

Verlene akainua orodha ya vyakula, akaisimamisha mbele ya uso wake. Anasema aliisoma kutoka juu mpaka chini mara nyingi, na mpaka leo hajui ilikuwa na nini.

Shule imefunguliwa. Asubuhi za Septemba ukungu hulala juu ya kiwanda kitupu, na basi la Verlene hupanda kutoka bondeni taa zikiwa zinawaka. Delphie hukaa kiti cha pili, nyuma ya kisogo. Juzi mwenzake mmoja alimpigia kelele mbele ya wote: "We Delphie, mwalimu anasema umeandika miaka tisa! Si ulikuwa tisa mwaka jana? Umerudia?" Basi zima likacheka.

"Bado tisa," akasema Delphie.

Verlene aliinua macho kwenye kioo. Watoto wote wakanyamaza, wakingoja aseme lile analosema siku zote.

Akayarudisha macho barabarani, akabadilisha gia kwa ajili ya mlima.