Kelele ya Saa Tatu na Dakika Arobaini

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili ya msako wa kelele ya redio, Sarel Tieties aliteremka garini na kutembea hatua sitini hadi nyuma ya jiwe ili akojoe. Aliporudi huku akifunga zipu, alimkuta Dokta Refiloe Mokhele ameganda kando ya gari, ameshika antena ya mkononi na kumwelekezea kama bunduki.

"Usisogee, Oom Sarel," alisema; Oom, yaani mjomba, ndivyo vijana walivyomwita.

"Jamani, hata kukojoa siku hizi kunahitaji kibali?"

"Imelia. Saa tatu na dakika arobaini kamili. Na imelia kutoka huko ulikokuwa."

Sarel aligeuka kulitazama jiwe. Lilikuwa jiwe tu.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na sita alikata manyoya ya kondoo katika mashamba ya Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, mpaka yalipojengwa yale masahani makubwa ya darubini ya redio ya kusikiliza anga, na sheria ya ukimya ikaja pamoja nayo: hakuna simu ya mkononi, hakuna jiko la mawimbi, hakuna kitu chochote kinachorusha redio. Wakuu wa darubini walihitaji mtu anayejua kila geti na kila mbwa. Wakampa Sarel gari lenye antena kichwani, akawa msaka kelele. Aligundua pampu za maji zenye nyaya mbovu na ua wa umeme unaotoa cheche. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kulisingizia shamba la mtu, na ndiyo sababu wakulima walimfungulia mageti bila kunung'unika.

Refiloe, mwanasayansi wa darubini hiyo, alikuwa akitafuta milipuko ya redio kutoka nje kabisa ya kundi letu la nyota, mipigo mifupi kuliko kupepesa jicho, iliyosafiri mamilioni ya miaka kabla ya kufika hapa. Kelele hii ilipotokea mara ya kwanza alidhani ameupata mmoja, tena wa kujirudia. Furaha hiyo ilidumu siku nne. Nyota huchomoza takriban dakika nne mapema kila siku, na chochote kitokacho huko husogea nazo. Kelele hii ilifuata saa ya ukutani.

"Nyota hazivai saa," alimwambia Sarel. "Nitafutie mtu anayevaa."

Sarel akampata Attie Apools, mume wa dada yake. Attie alikuwa amewafunga kondoo wake kola zenye visanduku vya kutoa ishara kondoo wakikimbizwa na mbweha. Sarel aliacha gari getini, akasimama katikati ya zizi lake na antena mkononi, saa tatu na dakika arobaini ikafika, na mashine ikalia kwa nguvu kuliko popote.

"Shemeji, kola hizo hulala mchana, hazitumi kitu saa hiyo," Attie alimwambia. "Aliyeniuzia alinionyesha."

"Mashine haina shemeji."

Akaandika ripoti. Kola zikavuliwa. Katika siku tisa mbweha walikula wanakondoo kumi na saba, na Attie akaanza kusema atauza kundi zima kabla mbweha hawajalimaliza. Lakini kelele iliendelea. Sarel alijiambia kwamba Attie ameficha kola nyingine.

Sasa Refiloe alikuwa amemsimamisha kwenye kokoto, akimtoa vitu mfukoni: kisu, tumbaku, leso. Hakuna chenye betri.

"Oom, umewahi kufanyiwa upasuaji?"

Mkono wa Sarel ulipanda wenyewe hadi chini ya mfupa wa bega la kushoto.

Wiki sita nyuma, hospitali moja ya Kimberley ilimwekea kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Hakumwambia mtu, kwa kuwa mwenye moyo wa namna hiyo haruhusiwi kuendesha gari peke yake nyikani. Nesi alimpa pia kisanduku cha kuweka kando ya kitanda, kitakachompelekea daktari habari za moyo kila siku kwa redio. Sarel alikikataa.

"Nilimwambia kwetu redio ni marufuku," alisema. "Nilikirudisha, binti. Kwa ajili yenu."

"Kisanduku kinapokea, Oom. Kinachotuma ni hicho cha kifuani. Kila asubuhi kinakiita kisanduku chake, na hakuna anayekijibu."

Sarel aliketi chini kwenye kokoto. Alikuwa ameibeba kelele hiyo shamba kwa shamba, geti kwa geti, akiwauliza watu kwa ukali wameficha nini. Aliibeba mpaka katikati ya zizi la Attie na kusimama nayo pale.

"Hospitali inaweza kubadilisha saa," Refiloe alisema kwa upole. "Kifaa kilie usiku, ukiwa mjini. Lakini ripoti ya Apools siwezi kuifuta bila kuandika chanzo halisi."

"Ukiandika, nanyang'anywa gari."

"Ndiyo."

Hakumshurutisha. Sarel alitazama funguo zilizoning'inia garini, kisha akaomba kalamu. Aliandika jina lake mahali alipozoea kuandika majina ya mashamba.

Refiloe ndiye aliyeendesha hadi kwa Attie. Walimkuta zizini na mfanyabiashara wa mifugo, wakipatana bei ya kundi. Sarel hakusalimia. Alifungua shati na kuonyesha kovu, akasema yote mfululizo, kama mtu anayetapika.

Attie alimsikiliza mpaka mwisho. "Yaani ile siku, hapa hapa, ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi."

"Wanakondoo kumi na saba, Sarel."

"Najua."

"Hujui. Wewe hukuwaokota." Alimgeukia mfanyabiashara, akamwambia biashara imekwisha, aende zake. Kisha akaliangalia tena lile kovu, na uso wake ukabadilika. "Dada yako Mietjie anajua moyo wako una hali hii?"

Sarel alitikisa kichwa.

"Ndugu yako wa pekee tumboni mwa mama mmoja, na hajui!" Attie alitema mate pembeni, akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mietjie! Toka nje! Njoo umsikie kaka yako!"

Mlango wa wavu ukafunguka. Sarel alianza kufunga vifungo vya shati, na dada yake alikuwa amekwisha fika kabla hajafunga cha pili.