Nilivyoacha Kusomea Majani Chai

Baba alikuwa fundi wa kushona pale Sotik, kwenye veranda ya duka la nguo. Nilipomaliza digrii yangu ya kwanza, ya elimu ya mimea, alinishonea koti jeupe la maabara kwa mkono wake mwenyewe. Alilishona kubwa kupita kiasi. "Utanenepa ukiwa profesa," alisema. Sisi ni watu wa upande wa Kisii tuliohamia Sotik kabla sijazaliwa, na kila mteja aliyeleta suruali, awe Mkipsigis au Mkisii, alipewa habari zangu kabla hajapimwa kiuno. "Binti yangu yuko chuo kikuu Nairobi. Sasa anaongeza digrii ya pili. Ya majani chai!"

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chai ya wakulima wadogo ilikuwa bado changa, na kule Kimulot, karibu na msitu wa Mau, ilikuwa inakauka mabaka mabaka. Watu walikuwa wamekata miti ya msitu wakapanda chai, lakini visiki wakaviacha ardhini. Kuvu ilikua kwenye visiki vile, ikatambaa mizizini mpaka kwenye chai. Kazi yangu ilikuwa kuchimba, kukata vipande vya mizizi, kuandika nilichokiona na kuvipeleka Nairobi. Niliipenda kazi ile. Nilipenda hata matope yake.

Shamba nililopenda kuliko yote lilikuwa la bibi mmoja mjane, aliyeishi na mke wa mwanawe. Nilimwita kogo, yaani nyanya kwa Kipsigis. Yeye, akisikia watu wakilitaja lile koti langu, aliniita taktari.

"Mimi si daktari wa watu, kogo. Ni wa chai."

"Haina neno. Hata chai ni mgonjwa."

Kila nikifika alinipa mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, katika kikombe cha bati, na hakuniruhusu kushika jembe kabla sijamaliza. Asubuhi moja nilichimbua mzizi mbele yake, nikabandua ganda, nikamwonyesha utando wa kuvu uliojificha chini.

"Unaona huu mweupe? Huu ndio unaua chai yako."

Aliupapasa, akanusa kidole. "Inanuka uyoga," alisema. Kisha akacheka kidogo. "Lakini kuona, siwezi kukudanganya. Mimi naona ukungu tu."

Nilikuwa nimekuja kwake miezi minne bila kugundua. Ndiyo maana majani yake yalikuwa yanakataliwa kwenye kituo cha kupimia: alichuma kwa kupapasa, akichanganya machipukizi na majani magumu. Nyumbani walisema ni uzee. Nilimgeuza uso kwenye mwanga, nikaona mboni zake zimekuwa nyeupe kama maji yaliyodondoshewa maziwa. Nilikuwa nimeyakagua majani ya shamba lake jani kwa jani, na mwenye shamba sikuwahi kumtazama machoni.

Nilisikia kwamba kuna daktari wa macho, Mhindi kutoka Nairobi, anayepita hospitali ya Kapkatet mara moja moja. Siku yake ilipofika nilimpakia kogo kwenye gari la chuo pamoja na mke wa mwanawe. Daktari alimulika yale macho akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba mtoto huyo hutolewa kwa upasuaji. Shida ilikuwa lugha. Kogo angepasuliwa akiwa macho, na mgonjwa akitikisa kichwa, kazi yote imeharibika.

"Wewe unajua lugha yake?" daktari aliniuliza.

Nilikuwa nimejifunza Kipsigis utotoni, pale pale kwenye veranda ya baba.

"Basi nawa mikono uingie."

Nilisimama karibu na kichwa cha kogo, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni.

"Taktari, uko hapo?" aliuliza kutoka chini ya kitambaa.

"Niko, kogo."

"Usiende."

"Siendi. Wewe usitikisike tu."

Kitu kilichotoka kwenye lile jicho kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi, cha rangi ya kahawia. Kilikuwa kimemfungia bibi dunia nzima. Daktari alikiweka kwenye kisahani, akaanza kushona, na mimi nikabaki nakitazama kile kisahani.

Alifunguliwa bandeji, na siku nyingine alipovalishwa miwani mizito, mtu wa kwanza aliyemtazama ni mimi. Alinitazama kwa muda mrefu bila haya.

"Kumbe wewe ni mtoto hivi!" alisema. "Sauti yako ilikuwa ya mtu mzee."

Tulicheka mpaka nesi akaja kutukemea.

Nilirudi Nairobi, nikakaa maabara wiki tatu nikikata mizizi na kuandika sentensi zisizoenda popote. Mwishowe nikaenda kwa profesa wangu, mtu mkimya aliyevaa sweta moja mwaka mzima, nikamwambia ninataka kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa watu.

"Umebakiza kuandika tu," alisema.

"Najua."

"Huko utaanza mwaka wa kwanza, pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita."

"Najua, profesa."

"Ni chai imekuchosha?"

"Hapana. Bado naipenda."

Alivua miwani akaifuta kwa ile sweta. Kisha akachukua karatasi akaanza kuniandikia barua ya kunipendekeza, palepale, mimi nikiwa nimesimama. Aliomba kitu kimoja tu: niyanakili madaftari yangu vizuri ili mwanafunzi mwingine aimalize kazi. Nilifanya hivyo kwa miezi miwili, na mwanafunzi huyo aliimaliza vizuri kuliko ambavyo ningeimaliza mimi.

Aliyebaki ni baba. Nilimwambia akiwa kwenye cherehani, maana nilijua hawezi kusimama katikati ya mshono. Miguu yake iliacha kukanyaga hata hivyo.

"Nimeshawaambia watu wote. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie chai ilinishinda."

"Siwezi kudanganya wateja," alisema kwa hasira.

Basi nikamsimulia. Nilimweleza habari za kogo, za kitambaa, za kile kisahani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipofika mahali daktari alipoanza kushona, akakiinua.

"Wanashona jicho? Kwa uzi gani?"

"Wa hariri. Mwembamba kuliko unywele."

"Na sindano?"

"Imepinda, ndogo sana. Unaishika kwa koleo, si kwa vidole."

"Wanaanzia ndani au nje? Wanafunga fundo kila mshono?"

Nilimjibu nilivyoweza, nikimchorea kwa chaki yake kwenye kipande cha kitambaa. Aliuliza maswali mpaka mteja aliyekuwa anangoja akaondoka. Wiki iliyofuata Sotik nzima ilikuwa inajua jinsi jicho linavyoshonwa.

Kogo ndiye aliyenuna. "Na chai yangu umemwachia nani?" aliuliza nilipokwenda kumuaga. Kwa hiyo mimi na mke wa mwanawe tulishinda siku nzima tunang'oa visiki, yeye akitusimamia kwa miwani yake, akituonyesha mizizi tuliyoruka.

Sikuja kuwa daktari wa macho. Nilianguka mtihani wa anatomia mara moja, nikarudia, nikamaliza, nikapangiwa hospitali ndogo huku huku kwenye chai. Kuna siku nilitamani sana ukimya wa mimea. Mtoto wa kwanza niliyempokea bila mkubwa wangu kuwepo alitanguliza miguu, na alipolia nikalia kumshinda. Mkunga mzee tuliyekuwa naye alimfunga mtoto blanketi, akamkabidhi mama yake, kisha akaniambia ninawe uso, kuna mama mwingine anangoja. Nikanawa, nikaenda.